Jengo la Mjerumani, Jasho la Nani?

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi vijana mlioko madarasani sasa,

Desemba iliyopita nilipanda kutoka Mombo kuja nyumbani, nikapita kwenye jengo moja la serikali hapa Lushoto, la enzi za Wajerumani. Nami ni mtumishi wa serikali, kwa hiyo sitalitaja. Mifereji ya paa imejaa majani, mche wa mkuyu umeota ukutani, na ndani majalada yamefunikwa turubai. Mzee mmoja mpita njia akaniambia, "Mwanangu, hilo ni la mkoloni, liache lianguke."

Neno lake lilinikosesha usingizi. Ni kweli, mji huu uliitwa Wilhelmstal kwa jina la Kaisari Wilhelm wa Pili, na maofisa walikuja huku kukimbia joto la pwani. Lakini mawe hayakujipanga yenyewe. Kuanzia 1907 wilaya hii ilikuwa na kipande: mwanamume alitakiwa kuwafanyia kazi walowezi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali. Baba wa babu yangu alibeba kipande hicho. Kuta hizi zikianguka, habari za jasho lile zitabaki katika majalada ya Wazungu tu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mjerumani alikuja baadaye, basi jengo lake halina ulinzi huo mpaka litangazwe rasmi. Hata maofisini wengi hawalijui jambo hili (mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao).

Tena adui si uzee, ni maji. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Fundi akiupiga plasta ya saruji, maji hunaswa ndani na ukuta huoza kimyakimya. Boma la Bagamoyo, la 1897, lilisimama miaka mia moja, kisha mvua za El Niño za 1997/98 zikaangusha sehemu yake. Boma la kale la Tanga, kinyume chake, lilikarabatiwa na kufanywa makumbusho.

Nimekwisha andika barua kuomba jengo letu litangazwe. Jibu bado. Lakini nimepata ruhusa ya kuzibua mifereji na kung'oa ule mkuyu kabla ya masika. Nahitaji watu sita wasioogopa kupanda juu, na ile ngazi ndefu ya bwenini, kama bado ipo.