The Boogeyman: zimwi linaloogopa taa

Ulipokuwa mdogo uliwahi kugoma kulala taa ikizimwa? Basi filamu hii inakuhusu. The Boogeyman ilitoka Juni 2023, ikiongozwa na Rob Savage wa Uingereza, kutokana na hadithi fupi ya Stephen King ya mwaka 1973.

Mama amefariki kwa ajali ya gari. Baba, Will Harper (Chris Messina), ni mtaalamu wa saikolojia, kazi yake ni kusikiliza matatizo ya watu. Ila binti yake mdogo Sawyer (Vivien Lyra Blair) akisema kuna kitu chumbani, baba hamwamini. Kwangu hapo ndipo panapouma, kuliko hata zimwi lenyewe.

Zimwi linakaa gizani na linakimbia mwanga. Sawyer analala na taa ya mviringo kama mpira. Akisikia kitu, anaibingirisha sakafuni imulike. Sehemu hiyo usiiangalie umeme ukiwa umekatika!

Na usiseme ni utoto. Mwaka 1995, Pemba na Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi wakimhofia Popobawa.

Marekani iliipa alama ya PG-13, yaani mwenye mtoto chini ya miaka 13 awe mwangalifu.