Safu ya Penseli

Shangazi yangu ana duka la vikapu na mikeka ya ukili karibu na Marikiti, Mombasa. Si duka kubwa. Ukisimama katikati na kunyoosha mikono, unagusa bidhaa pande zote mbili. Mwaka jana mnunuzi mmoja kutoka Ujerumani alimwandikia kwenye simu akitaka vikapu mia tatu. Wakatumiana picha, wakapatana bei, mambo yakaenda vizuri tu. Kisha yule mnunuzi akauliza maswali mawili: unaweza kupata cheti cha asili ya bidhaa? Na je, kuna chama chochote cha wafanyabiashara kinachokujua?

Shangazi alinipigia usiku huohuo. Alijua kwamba kwa muda nimekuwa nikisoma historia ya vyama vya wafanyabiashara, vile ambavyo wengi wetu huviita chemba kwa ufupi. "Hiyo chemba yako, mwanangu," akasema, "yanipa nini? Simu ninayo, WhatsApp ninayo, mteja nimempata mwenyewe. Ada niilipe ya nini?"

Alikuwa na sababu ya kuuliza kwa ukali. Zamani kidogo alijiunga na chama kimoja ambacho sitakitaja. Ujumbe wa kwanza kutoka kwao ulisema pesa zake zimefika. Wa pili ulikuja miezi kumi na moja baadaye: mwanachama mpendwa, muda wako unakaribia kuisha, tafadhali lipa. Katikati hapo, kimya. Hata salamu ya Idi hakuletewa, na hilo, nadhani, ndilo lililomuudhi zaidi.

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia anipe siku chache.

Chemba ya kwanza kuitwa hivyo ilianzishwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1599. Wafanyabiashara wa bandari ile walikuwa na shida ambazo mtu mmoja hawezi kuzitatua peke yake: maharamia baharini, ushuru, wawakilishi wa kuwatetea katika bandari za mbali. Hakuna aliyehitaji kubembelezwa ajiunge. Merli ikitekwa, unamjua wa kumwendea.

Pwani yetu ilikuwa na mipango yake mingine. Mtu alisafiri na barua ya kumtambulisha, akapokewa na jamaa au mtu wa dini yake upande wa pili wa bahari. Wafanyabiashara wa Kihindi walitumia hundi, karatasi iliyokuwezesha kulipa pesa Unguja na mwenzako akazichukua Bombay. Habari za bei zilikuja na majahazi ya kaskazi, nazo zilikuja mara moja kwa mwaka. Ukizikosa, subiri mwakani.

Halafu ukaja waya. Mwaka 1879 kebo ya telegrafu ya chini ya bahari, iliyotoka Aden kuelekea Afrika Kusini, ilifika Unguja, na mwaka 1890 Mombasa ikaunganishwa na Unguja. Neno letu "simu" limetoka huko. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na babu zetu walilitumia kwa telegrafu kabla ya kulihamishia kwenye kifaa cha kusemea. Ghafla bei ya karafuu au pembe za ndovu London ikawa kitu unachoweza kukijua upesi kuliko unavyoweza kwenda Lamu na kurudi.

Lakini telegrafu ililipishwa kwa neno, na kila neno lilikuwa ghali. Makampuni makubwa yalinunua vitabu vya misimbo ambamo neno moja la ajabu lilisimama mahali pa sentensi nzima: mzigo umepokelewa, bei imeshuka, usinunue tena mpaka tukuarifu. Mdogo asiyekuwa na kitabu wala pesa alibaki na uvumi. Hapa ndipo chemba zilipopata kazi mpya. Katika bandari nyingi duniani zilijiunga na huduma ya habari ya Reuters, gharama ikagawanywa, na habari zikabandikwa ubaoni wanachama wazisome. Ile gharama ambayo mtu mmoja asingeiweza iligeuka ada ya mwaka. Ukiniuliza mimi, ubao ule ndio teknolojia bora kuliko zote ambazo chemba zimewahi kuwa nazo. Ulikuwa na sababu ya wazi ya mtu kuja: asiyefika asubuhi ananunua kwa bei ya jana.

Shida ya ubao ni kwamba uko ndani ya chumba, na chumba kina mlango. Kenya ya mkoloni ilikuwa na chemba za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila mmoja na mlango wake. Mwafrika mwenye duka alikuwa na pingu zaidi ya hiyo. Sheria ya mikopo ya 1948, kwa jina la kumlinda, ilifanya iwe vigumu kwa muuzaji wa jumla asiye Mwafrika kumdai mahakamani deni kubwa bila idhini ya serikali, kwa hiyo wengi hawakumkopesha kabisa. Hebu fikiria: huna mkopo, hupati habari, na hao wenye habari wanakutana kwenye jumba usiloruhusiwa kuingia. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, chemba hizo tatu ziliunganishwa na kuwa Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI tunayoijua leo. Miaka miwili tena ikaja sheria ya leseni za biashara, iliyowafungia baadhi ya maeneo na bidhaa wasiokuwa raia. Mlango ukafunguliwa huku, ukafungwa kule. Hiyo ni habari ndefu na ina uchungu wake, nitaiacha hapo.

Ninachotaka kukieleza ni kabati.

Katika kutafuta jibu la shangazi nilimtembelea mzee mmoja aliyekuwa karani wa tawi la wafanyabiashara katika mji mdogo wa pwani, miaka ya 70 na 80. Ofisi yao, aliniambia, ilikuwa na taipu moja, mashine ya stensili ya kutolea nakala za barua, simu iliyokatika kila mvua ikinyesha, na kabati la chuma lenye kadi. Kila mwanachama alikuwa na kadi yake: jina, sanduku la posta, aina ya biashara, tarehe aliyolipa ada. Vyote hivyo vilipigwa taipu. Chini ya kadi palikuwa na nafasi tupu, na humo mzee aliandika kwa penseli.

"Kwa nini penseli?" nikamuuliza.

"Mambo ya watu hubadilika, bwana."

Aliandika kwamba huyu anaweza kutoa magunia mia lakini si kabla ya Agosti. Huyu hasomi Kiingereza, mwambie kwa mdomo. Huyu ana mzigo umekwama bandarini tangu wiki mbili, usimkumbushe ada sasa. Huyu na huyu wamegombana, usiwaweke meza moja. Barua ya mnunuzi ikifika kutoka nje, mzee alipitia kadi, akachagua watu watatu, kisha akamtuma kijana na baiskeli. Ada ilipochelewa alikwenda mwenyewe dukani, akanywa kahawa, akasikiliza. Mara nyingi alirudi na pesa. Mara nyingine alirudi na malalamiko, na malalamiko ya aina moja yakifika matano au sita, mwenyekiti alikuwa na barua ya kumpelekea mkuu wa wilaya.

Miaka ya 90 ilikuja kompyuta. Kijana aliyesomea mambo hayo aliletwa kuingiza kadi zote kwenye mashine. Alifanya kazi safi kwa wiki tatu. Jina, sanduku la posta, biashara, tarehe ya ada. Maneno ya penseli hakuyaingiza, kwa sababu programu haikuwa na safu yake. Kadi zikafungwa kwa kamba, zikawekwa stoo, na stoo ikavuja.

Mzee alinisimulia haya akicheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimeshaona kwamba zile safu nne zilizookolewa ndizo hasa zinazotosha kumtumia mtu ujumbe wa kudai ada. Kila kilichomfanya mwanachama aone anajulikana kilikuwa kwenye penseli.

Yaliyofuata tumeyaona wenyewe. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na mwanachama wa Garsen au Taveta akaweza kulipa ada bila kupanda matatu. Mwaka 2009 kebo za intaneti zikatua Mombasa, SEACOM na TEAMS, katika bahari ileile ya telegrafu. Tukapata tovuti, nyingine zikiwa na picha ya mwenyekiti aliyeondoka zamani. Ukaja ujumbe wa simu unaotumwa kwa watu elfu kwa mpigo. Kila kifaa kilianza na kukusanya ada, kwa kuwa kukusanya ndiko kulikokuwa rahisi.

Kisha makundi ya WhatsApp. Kwa miaka kadhaa kundi halikuweza kupita watu 256, mpaka 2022 idadi ilipoongezwa. Tawi moja ninalolijua lilifika kikomo hicho upesi, likaunda kundi la pili. Wakubwa, walioingia mapema, walibaki la kwanza na habari za zabuni zilianzia huko. Kundi la pili lilipata maua ya "asubuhi njema", dua, matangazo ya viwanja, na zabuni zilizobakiza siku moja. Nadhani hakuna aliyekusudia. Lakini mlango wa zamani ulikuwa umerudi, safari hii ukiwa na namba 256 juu yake.

Sitaki nionekane mtu wa kulilia taipu. Mwaka 2020, corona ilipozuia mikutano, mikutano ya tawi hilohilo ilihamia Zoom. Wanawake wawili kutoka visiwani, wanachama wa miaka mingi, walizungumza kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nauli ya boti na basi na kulala Mombasa ilikuwa ghali kuliko chochote ambacho mkutano ungewapa. Mmoja alieleza jinsi ushuru wa kaunti unavyotozwa mara mbili kwa mzigo mmoja, njiani na sokoni. Wengine wakaitikia, hata mimi, hata mimi. Katibu akawa na akili ya kufungua fomu fupi siku hiyohiyo: tarehe, mahali, kiasi, picha ya risiti. Zikajaa. Kamati ilipokwenda kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha wa kaunti, ilikwenda na risiti mkononi, si hasira tu. Ile fomu ilikuwa kabati la mzee. Tofauti ni kwamba penseli alipewa mwanachama mwenyewe.

Na lile swali la Mjerumani? Mkataba wa Geneva wa 1923 kuhusu taratibu za forodha ulikubali kwamba mashirika yaliyopewa idhini na serikali, chemba zikiwemo, yanaweza kutoa vyeti vya asili ya bidhaa. Karne nzima baadaye kazi hiyo bado ipo, na hapa kwetu KNCCI ni miongoni mwa wanaoifanya. Sehemu nyingi muhuri wa wino umegeuka alama ya kuskani, lakini anayepokea mzigo Hamburg bado anataka kitu kilekile: mtu wa tatu asiyeuza vikapu aseme kwamba vikapu vimetoka vinakosemwa vimetoka. WhatsApp ilimpa shangazi mteja. Haikuweza kumpa shahidi. Yule mteja anapokea picha nzuri za vikapu kila siku kutoka kwa watu asiowajua, na baadhi yao ni matapeli.

Lakini shahidi lazima amjue anayemtolea ushahidi. Orodha ya wanachama mtandaoni ambayo yeyote mwenye ada anaingia, bila mtu kufika dukani kuhesabu vikapu, haimsaidii Mjerumani wala shangazi. Afadhali majina hamsini yaliyotembelewa. Na mambo ya penseli yakirudi yarudi kwa adabu, kwa maana tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data za watu. Mzigo wa mtu uliokwama si habari ya kuanika kwa kundi zima.

Nilimpelekea shangazi haya yote Jumamosi moja, kwa maneno machache zaidi. Alisikiliza huku akifunga ukili.

"Basi watakuja kuniona?"

"Waulize kabla ya kulipa."

Alipiga simu palepale, sauti kubwa, wateja wawili wakisikiliza. Aliuliza ni nani atakayefika dukani na siku gani. Akanyamazishwa kidogo, akapitishwa kwa mtu mwingine, akauliza tena. Walimpa Jumanne. Ndipo akanipa simu nimjazie fomu. Jina. Namba ya PIN. Aina ya biashara: palikuwa na orodha ya kuchagua, kilimo, viwanda, uchukuzi, hoteli, na vikapu havikuwemo. Tukachagua "Nyinginezo". Mwisho kabisa palikuwa na kisanduku cha maoni, kimeandikwa si lazima.

"Andika," akasema. "Andika mia tatu naweza, lakini wasukaji wangu wa Kilifi wapewe wiki sita. Mwezi wa Ramadhani waongezwe wiki mbili. Andika Ijumaa sipo mpaka saa nane. Na Kiingereza wasiniandikie, wanipigie."

Kisanduku kilikataa kabla hajamaliza. Nikafuta maneno machache ya kwangu ili ya kwake yaenee.