Puto la Unguja na Mshairi wa Paris

Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Wahenga waliutoa msemo huu kuwatahadharisha wanaopuuza uvumi, lakini unawafaa pia watunzi waliothubutu kusimulia mambo ya kesho. Miongoni mwa watunzi hao, Mfaransa Jules Verne (1828–1905) anastahili kutazamwa kwa karibu na watu wa visiwani, kwani riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, iliyotoka mwaka 1863, inaanzisha safari yake kuu Unguja.

Katika riwaya hiyo, Daktari Samuel Fergusson, Mwingereza, anapanda puto liitwalo Victoria pamoja na rafiki yake Kennedy na mtumishi wao Joe. Mwezi wa Aprili 1862 wanang'oa nanga, na kwa majuma matano wanalivuka bara la Afrika hadi Senegal. Puto halikuwa jambo jipya. Watu walikuwa wameruka kwalo Ufaransa tangu mwaka 1783. Lililomsumbua kila fundi ni kwamba halina usukani. Fergusson anaipasha moto gesi ili apande, anaiacha ipoe ili ashuke, na hivyo anautafuta upepo unaokwenda aendako. Nahodha yeyote wa jahazi, aliyezoea kuingoja kaskazi na kuisubiri kusi, angeielewa hekima hiyo: asiyeweza kuugeuza upepo huutafuta.

Verne hakuwahi kufika Unguja. Alisoma maandishi ya wasafiri kama Burton na Speke, walioondoka kisiwani mwaka 1857 kwenda bara, na kwa maandishi hayo akaijenga ramani ya safari yake. Ramani ikamtii, watu hawakumtii. Anasimulia kwamba wenyeji wa Unguja walighadhibika waliposikia kuwa Mkristo anataka kupaa angani. Eti walidhani analiendea jua na mwezi kwa shari, navyo ni vitu vya kuabudiwa. Ikabidi puto litayarishwe katika kisiwa kidogo cha jirani. Mbele ya safari, huko Kazeh, karibu na Tabora ya leo, watu wanalidhania puto kuwa ni mwezi wenyewe, na abiria wake kuwa ni wana wa mwezi.

Unguja ya mwaka 1862 ilikuwa chini ya Sayyid Majid bin Said. Ilikuwa na misikiti, makadhi na madarasa ya Kurani. Mwezi uliandamwa kwa ajili ya kuanza na kumaliza saumu, na nyota ziliwaongoza mabaharia. Dini ya wenyeji wake inakataza katakata kulisujudia jua au mwezi. Mtu aliyeiona mashine ambayo haijaundwa hakuwaona watu waliokuwapo.

Wakati uleule Verne aliandika kitabu kingine, kuhusu Paris ya mwaka 1960. Humo mna treni ziendeshwazo kwa hewa iliyoshindiliwa, magari ya gesi, mashine za kupiga hesabu katika benki na mitambo ya kupeleka nakala za maandishi kwa waya. Katikati ya fahari hiyo anaishi kijana Michel, mshindi wa tuzo ya mashairi ya Kilatini, ambaye ushindi wake unachekwa. Anaingia duka la vitabu kuulizia kazi za Victor Hugo. Hakuna anayelijua jina hilo. Ulimwengu umepata kila kitu ila nafasi ya mshairi, na kijana anaishia kuanguka katika theluji, makaburini. Mchapishaji Hetzel aliukataa mswada huo, akisema hakuna atakayeuamini utabiri wake. Ulionekana tena mwaka 1989, ukachapishwa mwaka 1994.

Riwaya zilizochapishwa, hata hivyo, zilizaa matunda. Mwaka 1865 Verne aliwatia watu watatu ndani ya risasi ya mzinga mkubwa huko Florida, akawafyatua kuelekea mwezini. Nchini Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, aliyepoteza sehemu kubwa ya usikivu wake utotoni kwa maradhi na kujisomesha katika maktaba ya Moscow, alivutwa na hadithi hiyo. Akapiga hesabu, akaona kuwa mshindo wa mzinga ungewaua abiria papo hapo. Hakuitupa ndoto; alibadili chombo. Mwaka 1903, akiwa mwalimu wa shule huko Kaluga, alichapisha maelezo ya namna roketi inavyoweza kufika anga za juu. Mwaka 1969 watu watatu waliondoka Florida kwa roketi, na wawili wao wakaukanyaga mwezi.

Mwaka uliofuata lilitokea jambo ambalo Verne hakuliota. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ilipaa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na wenyeji wa pwani hiyo, ikapewa jina la Uhuru. Kutokana na kazi yake, wataalamu waliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo.

Fergusson aliondoka pwani hii akiwakimbia watu waliodhaniwa kuuabudu mwezi. Miaka 108 baadaye, chombo kilipaa kutoka pwani hiyohiyo kikiwa na neno la lugha ya watu hao, nalo likaizunguka dunia. Chombo chenyewe kiliundwa na wageni, na hilo halifichiki. Lakini neno lilikuwa la wenyeji, na mwaka 1863 hapakuwa na kitabu cha Paris kilichoona kwamba wangekuwa na neno la kusema juu ya mbingu. Usilolijua ni usiku wa giza, hata kwa aliyeziona nuru za mwaka 1960.