Kichochoro cha Maji

Ndugu msikilizaji, mji wa Venice, huko Italia, umejengwa juu ya visiwa, na njia zake kuu ni mifereji ya maji. Mwezi Oktoba 1908 aliwasili humo mchoraji wa Kifaransa, Claude Monet, pamoja na mkewe Alice. Alikuwa akikaribia umri wa miaka 68.

Monet alikuwa kiongozi wa wachoraji waitwao waimpresionisti, jina lililotokana na picha yake iliyoonyeshwa Paris mwaka 1874. Wengi hudhani kazi ya kundi hilo ni kulipua rangi upesi upesi na kwenda zako. Venice inatoa ushahidi tofauti.

Kila siku alihama mahali hadi mahali kwa saa alizojipangia, maana alichowinda ni mwanga, na mwanga haumngoji mtu. Alipoondoka mwezi Desemba alikuwa ameanza picha 37.

Nyingi ni za majumba ya fahari. Lakini baadhi zaonyesha Rio de la Salute, mfereji mwembamba kando ya kanisa la Santa Maria della Salute. Kanisa hilo lilijengwa kutimiza nadhiri, baada ya tauni ya 1630 na 1631 kuua maelfu ya wakazi. Salute maana yake ni afya, tena ni wokovu. Kanisa lenyewe Monet alilichora pia, likiwa ng'ambo ya maji. Hapa aliingia uchochoroni, akachora kuta za nyumba na vivuli vyake majini.

Alikusudia kurudi Venice akamalize kazi. Wahenga walisema kawia ufike. Wakasema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Alice aliugua, na mwezi Mei 1911 akafariki dunia. Monet hakurudi tena Venice. Alizimalizia picha hizo nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, na mwezi Mei 1912 akaonyesha 29 mjini Paris.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiitazama picha ya kona ile tulivu, usidhani ni kazi ya alasiri moja. Kati ya brashi ya kwanza na maonyesho ilipita miaka mitatu na nusu, na msiba ndani yake. Macho yaliianza, kumbukumbu ya mgane ikaimaliza.

Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.