Sekunde 45
Ami yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo kwa miaka mingi, na mojawapo ya mambo aliyorudi nayo Mombasa ni namna yake ya kuongea kwenye simu. Mwambie "Ami, nitakuja saa kumi," naye atakurudishia kwa sauti ya juu, "Utakuja saa kumi," kisha ndipo aendelee. Siku zote nilidhani ni masikio yaliyoharibiwa na mashine. Mwaka jana, nilipokuwa nahangaika kutafuta mada ya tasnifu ya uzamili, ndipo aliponiambia kwamba ni mazoea ya chumba cha usukani.

Nahodha wa jahazi ana kana mkononi na usukani futi chache chini ya miguu yake, na tanga analiona. Kwenye meli kubwa amri hutolewa juu, nyuma ya vioo, ilhali usukani wenyewe uko mwisho kabisa wa meli, chini ya maji. Katikati kuna nyaya, pampu na mitungi ya mafuta ya haidroliki inayousukuma. Mawasiliano hayo yakikatika, mtu hutumwa mbio kule nyuma auendeshe kutoka chumbani humo. Bahari haioni. Ana simu sikioni na dira ya kutazama. Anaambiwa "kulia kumi," anajibu "kulia kumi," anageuza, anasubiri, kisha anatoa taarifa kwamba umefika. Akisikia vibaya, meli nzima imesikia vibaya.

Nilitaka kujua nani aliyeandika kwamba mambo yafanyike hivyo, na kwa nini. Nikategemea vikao na makaratasi. Vikao vipo, lakini kabla sijafika mbali nilikutana na Machi 1978.

Asubuhi ya tarehe 16 mwezi huo, meli ya mafuta Amoco Cadiz, yenye urefu wa mita 334, ilikuwa ikipita kaskazini mwa kisiwa cha Ushant, kwenye ncha ya magharibi ya Ufaransa. Ilikuwa imepakia tani zipatazo 220,000 za mafuta ghafi kutoka Ghuba ya Uajemi, na bahari ilikuwa imechafuka. Saa 3:45 usukani ukaacha kutii. Kule nyuma, boliti za kiungo cha bomba la haidroliki zilikuwa zimekatika na mafuta ya mfumo yakimwagika. Meli ilikuwa na pampu mbili, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi ilikuwa na akiba. Ila pampu mbili hazina maana mafuta yanapokwisha njiani kabla ya kuufikia usukani. Mafundi walihangaika, huku mawimbi yakiupiga usukani kushoto na kulia na mashine zote zikicheza nao. Hatimaye wakashindwa.

Wengi wanaosimulia kisa hiki hukaa sana kwenye saa zilizofuata: jinsi meli ya Kijerumani ya kuvuta, Pacific, ilivyofika, jinsi Nahodha Pasquale Bardari na mwenzake wa Pacific walivyobishana kuhusu mkataba wa uokoaji, jinsi kamba ilivyokatika. Ni sehemu tamu kusimulia, ina watu wa kulaumiwa kwa majina. Mimi naona jambo kubwa lilikuwa limeshaamuliwa kwenye chumba cha usukani, pengine miaka kadhaa kabla, mezani kwa mchoraji. Saa 3 usiku ilipopita kidogo, meli ikapanda miamba ya Portsall. Mabaharia waliokolewa. Mafuta yote yalikwenda baharini, yakachafua zaidi ya kilomita 300 za pwani ya Brittany, pamoja na wavuvi na wafugaji wa chaza wasiokuwa na habari ya pampu.

Kesi ilisikilizwa Chicago. Mwaka 1984 Jaji Frank McGarr aliamua kwamba kampuni iliyoendesha meli ilizembea katika kuutunza mfumo wa usukani, katika kuwafundisha mabaharia wake, na pia kwa kuiachia meli isafiri bila njia nyingine ya kuudhibiti usukani haidroliki ikifa kabisa. Hilo la mafunzo nililisoma mara mbili. Boliti zikikatika unaweza kulaumu chuma. Mafunzo, je?

Kuna jambo la kuudhi zaidi. Februari 1978, mwezi mmoja tu kabla ya ajali, wajumbe wa mataifa walikuwa wamekutana London na kukubaliana kuimarisha usukani wa meli za mafuta. Makubaliano hayo yalianza kutumika 1981. Marekebisho makali zaidi ya mkataba wa SOLAS yakapitishwa mwaka huohuo, yakaanza kazi 1984: kwa meli kubwa za mafuta, hitilafu moja kwenye mfumo isiuue usukani, na uwezo wa kuuongoza urudi ndani ya sekunde 45. Meli inayokwenda kilomita 28 kwa saa hupita karibu mita 350 katika muda huo, yaani urefu mmoja wa Amoco Cadiz na ziada kidogo.

Kanuni za sasa zinadai pia usukani ujaribiwe ndani ya saa 12 kabla ya kung'oa nanga, na zoezi la dharura lifanyike angalau mara moja kila miezi mitatu: mtu ashuke, aongoze kutoka chumbani, simu zijaribiwe, na kila kitu kiandikwe kwenye kitabu cha meli.

Nilipomsomea Ami sehemu hii alicheka, kisha akanyamaza. Kwenye meli moja, ambayo hataki kuitaja, zoezi lilikuwa likifanyika kwenye meza ya chai. Afisa anapitisha kitabu, mnatia saini, mnarudi kazini. Usiku mmoja, kwenye mlango mwembamba wa bandari, usukani ukagoma. Yeye ndiye aliyetumwa nyuma. Simu ilikuwa inakoroma tu. Mkono wa kugeuzia ulikuwa umepakwa rangi pamoja na kibao chake, na maandishi ya kulia na kushoto yamezama chini ya rangi. Akaanza kuikwangua kwa ufunguo wa kabati lake. Huko mbele waliwahi kutupa nanga, na meli ikaishia kwenye tope. Hakuna aliyeumia.

Kitabu kilipofunguliwa, zoezi la miezi mitatu lilikuwa limeandikwa siku kumi nyuma. Saini ya tatu ilikuwa yake.