Feza Iliyogeuka Matofali

Tukumbuke namna wazee wetu walivyolinda jasho lao. Mwaka 1967 zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1.000. Lakini mwisho wa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa ghafula. Wengi waliokawia kuzibadilisha walibaki na karatasi tupu. Ndiyo sababu mwenye uwezo aliona heri kununua kiwanja na kuchoma matofali. Walakini sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilikwisha kusema: udongo ni mali ya Serikali, haki ya mtu huthibitishwa kwa cheti cha kuandikishwa. Basi aliyeikimbia karatasi ya feza alihitaji karatasi nyingine. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 zikawa zaire mpya 1. Nyumba zilisimama, na mwenye cheti alikuwa na neno mbele ya hakimu.