Ngalawa ya Jambiani na hesabu ya pande mbili

Maji yakitoka Jambiani, mashariki mwa Unguja, hasa siku za bamvua, pwani hubaki wazi mpaka karibu na mwamba, na ngalawa hubaki zimekaa mchangani. Hapo ndipo pa kuzitazama. Kiwiliwili ni gogo moja la mwembe lililochongwa kwa tezo mpaka likawa jembamba, urefu wake kama mita tano au sita, na upana wa kumtosha mtu kuketi tu. Juu yake imelazwa miti miwili ya kukatiza, na kwenye ncha zake, kulia na kushoto, umefungwa ubao mrefu. Hayo ndiyo marengu. Ubao haukusimamishwa wima wala haukulazwa bapa. Umewekwa mshazari, ili chombo kikilala upande mmoja maji yaupige kwa chini na kuuinua. Vifundo zamani vilikuwa vya kamba ya usumba, siku hizi vingi ni vya nailoni.

Ukisimama omoni ukatazama kuelekea tezi, rengu la kulia na la kushoto yanalingana kama sura na kivuli chake kwenye kioo. Ulinganifu huo una historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo haikuanzia Unguja.

Katika karne ya kwanza, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika Periplus ya Bahari ya Eritrea alikitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wanahistoria hukihusisha na Unguja, Pemba au Mafia. Alieleza kwamba wenyeji walikuwa na vyombo vya kushona na mitumbwi ya gogo moja, wakivulia samaki na kasa. Marengu hakuyataja. Lakini upande wa pili wa Bahari ya Hindi, kwenye mawe ya hekalu la Borobudur kisiwani Java, kumechongwa mnamo mwaka 800 majahazi makubwa yenye marengu. Mwaka 2003 chombo kilichoundwa kwa kuiga michoro hiyo, Samudra Raksa, kiling'oa nanga Indonesia, kikapita Shelisheli na Madagascar, kikazunguka rasi ya kusini mwa Afrika na kufika Accra mwaka 2004. Safari ile ilionyesha kwamba njia inapitika.

Kwamba watu wa huko walifika kweli, lugha inathibitisha. Kimalagasi ni ndugu wa Kimaanyan cha kusini mashariki mwa Borneo, kama alivyoonyesha Otto Christian Dahl mwaka 1951. Mashamba nayo yanashuhudia. Mwaka 2016 kundi la wanaakiolojia lililoongozwa na Alison Crowther lilitoa matokeo ya kuchambua punje za kale: kwenye maeneo ya Komoro na Madagascar ya karne ya 8 hadi ya 10, mpunga na choroko za Asia ndizo zilizotawala, ilhali katika mwambao wetu wa bara watu wa zama hizo waliendelea zaidi na nafaka za Afrika, mtama na uwele. Ajaib al-Hind, kitabu cha Buzurg ibn Shahriyar, kinasimulia jinsi watu wa Waqwaq, wanaohusishwa na upande huo wa Asia, walivyokuja na vyombo vingi mno mwaka 945 na kuushambulia mji wa Qanbalu, ambao wengi wanaamini ulikuwa Pemba.

Mtafiti Mwingereza James Hornell alipoandika mwaka 1919 kuhusu ngalawa za Afrika Mashariki, aliziunganisha na Indonesia moja kwa moja. Wakosoaji walimfuata, na mjadala wa njia gani hasa marengu yalipitia haujafungwa. Binafsi naona Hornell alikuwa sahihi katika jambo kuu. Ukifuata vyombo vya rengu kutoka kwetu kupitia Komoro, ambako ngalawa huitwa galawa, mpaka Madagascar, unafuata nyayo za watu wale wale.

Lakini kuna swali linalonivutia kuliko la asili: kwa nini marengu mawili? Si kila taifa la mabaharia lilichagua hivyo. Wavezo wa magharibi mwa Madagascar wana rengu moja. Oru ya Sri Lanka ina moja. Vyombo maarufu vya visiwa vya Caroline na Marshall, katika Pasifiki, vina moja pia.

Jibu linaonekana ukiufikiria upepo. Jambiani inatazama mashariki. Wakati wa kusi, mvuvi akitoka kwenda mwambani upepo unampiga ubavu wa kulia. Akirudi, unampiga wa kushoto. Kaskazi ikiingia, mambo yanageuka. Goshi ya asubuhi, yaani upande unaopigwa na upepo, ndiyo demani ya jioni, upande uliokingwa. Mabaharia wa dunia walipata njia mbili za kuumaliza mtihani huu. Wa Caroline na wa Sri Lanka waliamua kwamba rengu lao moja litakaa goshini daima, kwa hiyo wakafanya omo na tezi zifanane: wakati wa kurudi chombo hakigeuzwi, bali tanga huhamishwa ncha ya pili na omo ikawa tezi. Wetu waliamua kinyume. Omo ibaki omo, chombo kigeuke, na mbavu mbili ziwe sawa. Mtihani mmoja, majibu mawili, na kila jibu ni ulinganifu wa aina yake: mmoja wa mbele na nyuma, mwingine wa kulia na kushoto.

Kila jibu lina gharama. Rengu la pili ni uzito, na kwenye bahari kuu rengu la demani huzama na kukokota. Huenda ndiyo maana wasafiri wa masafa marefu wa Pasifiki walilikwepa. Lakini mvuvi wa Jambiani hupita kwenye mlango mwembamba wa mwamba, mara nyingi yeye na mwenzake tu, na hubisha kwa zamu fupi fupi. Kubeba tanga kutoka ncha hadi ncha katikati ya mawimbi ya mwambani kungemtia hatarini. Kwa bahari hii, naamini jibu letu ndilo bora.

Viumbe wa maji yale yale wamepewa mitihani inayofanana. Changu huenda mbele, na chakula au adui huweza kumtokea upande wowote, hivyo mbavu zake ni sawa. Kiti cha pweza hana mbele. Miguu yake mitano imeenea kila upande. Hata hivyo akiwa mchanga, anapoelea baharini, mwili wake una kulia na kushoto kama samaki, na umbo la nyota huja baadaye. Gayogayo huzaliwa na jicho kila upande. Anapokua, jicho moja huhamia upande wa pili, naye huenda kulala juu ya mchanga kwa ubavu usio na jicho. Upande mmoja ukishakuwa chini siku zote, ulinganifu hauna kazi tena.

Mwaka 1894 mwanafizikia Pierre Curie aliandika kwamba tokeo likikosa ulinganifu, kasoro hiyo lazima itafutwe kwenye chanzo. Wavuvi wanalijua hilo kwa miili yao. Chombo kiko sawa, upepo hauko sawa, kwa hiyo upepo ukizidi mtu hutoka akakaa juu ya mti wa rengu la goshini na kusawazisha kwa uzito wake. Hata maumbile yenyewe yanapendelea upande: mwaka 1956 Chien-Shiung Wu, kwa majaribio ya kobalti nchini Marekani, alionyesha kwamba nguvu mojawapo ndani ya kiini cha atomu hutofautisha kulia na kushoto.

Leo miembe minene ya kutoa gogo zima imeadimika, na boti za faiba zenye injini zinaongezeka. Tumeshapoteza mtepe, chombo cha kushona. Ule ulioundwa mwaka 2003 ukawekwa kwenye jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib uliundwa baada ya wenye kuutumia kutoweka, na jengo lenyewe likaporomoka sehemu Desemba 2020. Ngalawa bado ina mafundi walio hai. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wahusika wa mambo ya kale waende Jambiani na Makunduchi wakapime urefu wa miti, mshazari wa marengu na mahali mlingoti unaposimama, wakaandike kwa maneno ya mafundi wenyewe. Na wenye mashamba wapande miembe sasa, kwa kuwa gogo la ngalawa huchukua miaka mingi kukua.